Kuacha sigara na kupunguza uzito: kipi kigumu zaidi?

Anayeuliza swali hili mara nyingi ana mambo yote mawili: anavuta, na kitambi nacho kinamtangulia mlangoni. Kwa ufupi, sigara ni ngumu mwanzoni na uzito ni mgumu mwishoni, na mpango wa kimoja haufai kwa kingine.

Moshi ukivutwa, nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya saa 2 hivi, nusu yake imeshaondoka kwenye damu, ndiyo maana mvutaji mzoefu huamka asubuhi mwili ukiwa tayari unaidai. Akiacha, arosto huanza siku hiyohiyo na kupamba moto siku ya pili na ya tatu: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, kutotulia, njaa. Kufikia wiki ya nne sehemu kubwa imepoa. Wanaojaribu kwa nguvu zao tu, 3 hadi 5 kati ya 100 ndio hufikisha miezi 6 hadi mwaka bila sigara. Wengi huanguka katika siku 8 za kwanza.

Uzito huenda kinyume. Kilo za mwanzo hutoka upesi, nyingi zikiwa maji, na mtu hufurahi. Baadaye mwili huanza kujitetea. Leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, hushuka. Ghrelini, inayoleta njaa, hupanda, na mabadiliko haya yameonekana hata mwaka mmoja baada ya kupungua. Kwa makadirio, kila kilo inayotoka hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kalori 100 hivi. Aliyepungua kilo 8, basi, hapambani na uvivu kama majirani wanavyodhani. Na chakula hakiachiki: sigara inahitaji "hapana" moja, sinia la pilau linahitaji kujua pa kuishia.

Kwa mwenye yote mawili, ushauri wetu ni kuanza na sigara. Wanaoacha huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kwa sababu nikotini ilikuwa inazima njaa na kuuchochea mwili kuunguza zaidi. Kilo hizo hazifuti faida ya kuacha. Kujinyima chakula vikali katika wiki hizohizo kunaweza kumrudisha mtu kwenye sigara, maana njaa na arosto hufanana sana mwilini. Kinachofaa wakati huo ni kuziba mianya tu. Vikombe 3 vya chai vyenye vijiko 3 vya sukari kila kimoja ni karibu kalori 140, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni 120. Mdomo ukitafuta kazi, upe karoti au tango, si andazi.

Dawa zipo. Nikotini ya tiba, yaani plasta au chingamu inayoupa mwili nikotini bila moshi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha ya 14 kwa wiki 2, na ya 7 kwa wiki 2. Hubandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na mahali hubadilishwa kila siku. Ikileta ndoto za ajabu, ibanduliwe wakati wa kulala. Kuongeza chingamu ya nikotini juu ya plasta husaidia kuliko plasta peke yake. Wengi huitafuna kama peremende na kuimeza pamoja na mate, wakaishia na kwikwi na kiungulia. Itafunwe taratibu hadi iwashe, kisha ibanwe kati ya shavu na ufizi. Ikipoa, itafunwe tena, kwa nusu saa. Soda au kahawa ndani ya dakika 15 kabla yake huzuia nikotini kupenya.

Kahawa yenyewe ipunguzwe kwa nusu. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukikoma, vikombe vilevile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na mtu hudhani moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ni arosto.

Uzito uanze kushughulikiwa kwa dhati sigara ikishatulia, tuseme baada ya miezi 3. Lengo la asilimia 5 hadi 10 linatosha kushusha presha na sukari: kwa mwenye kilo 90, ni kilo 4.5 hadi 9. Apime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile.

Anayetumia insulini, theofilini ya pumu au olanzapini ya maradhi ya akili amwarifu daktari kabla ya siku ya kuacha, kwa kuwa dozi iliyomfaa akiwa mvutaji inaweza kumzidi baada ya kuacha.