Ruzizi III: anayelalamika si lazima awe adui wa umeme

Hapa Bukavu umeme ukikatika usiku, wa kwanza kulaumiwa ni SNEL, shirika la umeme la Kongo, wa pili ni mvua. Lakini ukitaja Ruzizi III, bwawa la umeme la megawati 206 lililopangwa kwenye mto Ruzizi kwa ubia wa Kongo, Rwanda, Burundi na wawekezaji binafsi, mazungumzo huchukua sura nyingine. Haya ndiyo ninayoyasikia.

"Mto umeuzwa!" Haukuuzwa. Katika ubia wa namna hii mwekezaji hujenga, huendesha mtambo kwa miaka iliyokubaliwa na kurudisha pesa zake kupitia bei ya umeme, halafu mtambo unarudi kwa serikali. Kongo ina sheria ya ubia tangu Julai 9, 2018. Ila siwalaumu wenye kusema hivyo. Mkataba wa Kifaransa uliofungiwa kabatini, nani atauamini?

"Mwami, yaani mtawala wa jadi, akikubali mradi uchukue ardhi, yameisha." Hapo ndipo mambo huharibika. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, mwami anashika mila, na anayelima muhogo ni mama asiye na karatasi yoyote. Kanuni za IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili miradi ya binafsi, ambazo wakopeshaji wengi huzifuata, zinataka hata huyo asiye na hati alipwe mazao na nyumba yake, tena asaidiwe kupata riziki upya. Kuna na jambo dogo linalochoma kuliko yote: tarehe ya kuhesabu mali ya watu watakaolipwa. Baada ya siku hiyo, nyumba mpya au miti mipya haihesabiwi. Sasa tuseme hesabu ifanyike leo, pesa zije baada ya miaka minne. Mtu anaogopa hata kubadilisha bati linalovuja. Halafu pesa zikija, zinatolewa kwa jina la mume peke yake, na ugomvi unahamia ndani ya nyumba.

"Ugomvi ni kati ya kijiji na kampuni." Nusu tu. Wanunuzi wa umeme ni mashirika ya nchi tatu. Moja likichelewa kulipa, ugomvi mwingine unaanza kati yake na mwekezaji.

"Asiyeridhika aende mahakamani." Mwekezaji ana usuluhishi wake, yaani waamuzi wa nje ya mahakama, umeandikwa mkatabani. Mkulima wa Kamanyola, kando ya mto huo, anahitaji meza ya malalamiko karibu na kwake, mtu anayesikia Mashi, lugha ya hapa, na Kiswahili, na karatasi yenye tarehe atakayojibiwa.