Dawa lengwa za saratani: yanayosemwa na yaliyofanyika Basel

Dawa lengwa za saratani zinazungumzwa sana siku hizi, na maneno ni mengi kuliko maelezo. Nitashika moja tu, imatinibu, maarufu kwa jina la biashara Glivec, maana habari zake zinajulikana tangu mwanzo.

"Dawa hii inaijua saratani ilipo, inaifuata hukohuko."

Haijui kitu. Ukimeza kidonge, dawa husambaa mwili mzima kupitia damu, kama Panadol. Inacholenga ni protini, si mahali. Katika saratani ya damu iitwayo CML, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi, na ya 22 hubaki fupi. Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu hiyo iliyofupika huko Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley akaeleza kwamba vipande vilikuwa vimehamishana. Hapo huzaliwa protini ya BCR-ABL, inayoziamuru seli za damu ziongezeke bila kukoma. Imatinibu hukaa kwenye kijishimo ambamo protini hiyo huchukulia nguvu za kufanyia kazi, na amri ikakatika.

"Ni bahati tu ya mwanasayansi mmoja."

Bahati ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Katika maabara za kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, walikuwepo Alex Matter, Nicholas Lydon na mkemia Jürg Zimmermann, pamoja na wengine wengi. Molekuli waliyoanza nayo ilitoka kwenye msako wa kuzuia kimeng'enya kingine kabisa, protini kinasi C. Zimmermann alikuwa akibadilisha sehemu moja ya molekuli, wenzake wanapima, anabadilisha nyingine. Alipopachika kikundi cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, molekuli ikaachana na kinasi C huku ikiendelea kuishika ABL, ile sehemu ya BCR-ABL inayotoa amri. Atomi nne tu! Bado haikuyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo akaiunganishia pete ya piperazini, na sasa ikawezekana kumezwa kama kidonge. Kwangu mimi, hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe, na ndipo wasimulizi wengi hupita mbio.

"Makampuni yana dawa, yanazificha ili watu waendelee kuugua."

Kilichotokea kina sura nyingine. CML ni ugonjwa wa watu wachache, na kampuni ilisita kwa kuona soko dogo. Majaribio kwa mbwa nayo yalionyesha madhara kwenye ini. Brian Druker, daktari wa Oregon, Marekani, aliyeijaribu dawa kwenye seli za wagonjwa, aliendelea kuwabana. Ciba-Geigy ilikuwa imeungana na Sandoz mwaka 1996 na kuwa Novartis, na mwaka 1998 wagonjwa wa kwanza wakaanza kupewa. Kati ya 54 waliopata miligramu 300 au zaidi kwa siku baada ya dawa ya awali kushindwa, hesabu ya damu ya 53 ilirudi kawaida. Mei 2001 Marekani ikaidhinisha.

Lawama ya haki ipo kwenye bei. Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa CML walilalamika hadharani kuhusu gharama za dawa hizi, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India iliinyima Novartis hataza (haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza dawa) iliyokuwa ikiidai. Kenya na Tanzania, wagonjwa wengi waliipata bure kupitia mpango wa msaada wa Novartis na shirika la hisani la Max Foundation.

"Haina madhara, na inatibu saratani zote."

Yote mawili si kweli. Macho huvimba, misuli hukaza, kichefuchefu huja. Nje ya CML inasaidia saratani chache, mojawapo ni uvimbe wa GIST wa tumbo na utumbo. Asiyekuwa na protini inayolengwa hapati faida, ndiyo maana kipimo hutangulia.

"Damu ikiwa safi, acha."

Wengi huitumia kila siku kwa miaka. BCR-ABL huweza kubadilika ikaikataa dawa. Badiliko liitwalo T315I liliwashinda hata warithi wake dasatinibu na nilotinibu, hadi ponatinibu ilipokuja mwaka 2012. Wapo wanaoruhusiwa kuacha baada ya miaka ya matokeo mazuri, lakini daktari huendelea kuwapima BCR-ABL mara kwa mara, na ikipanda tena huanzishiwa dawa upya.