Triga ya bastola ya mashindano: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akishapata bastola ya mashindano, kitu cha kwanza anachotamani kukibadilisha huwa ni triga, yaani kile kifyatulio kinachovutwa kwa kidole. Vifaa havikosekani: springi, konekta (kipande cha ndani kinachoongoza triga inapoachia), nyundo (kipande kinachoipiga pini ili risasi ilipuke), triga za alumini. Maneno yanayosambaa kuhusu vifaa hivyo nayo hayakosekani, na mengi yana ukweli nusu tu. Ile nusu nyingine ndiyo inayoharibu vipuri, kumpotezea mshindani pointi, au kuhatarisha waliosimama uwanjani.

Kazi hii hufanywa bastola ikiwa tupu, magazini imetolewa, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote ziko chumba kingine. Katika nchi nyingi, kazi ya ndani ya silaha ni ya fundi mwenye leseni. Kama sheria yako inasema hivyo, mpelekee fundi, na haya yakusaidie kujua la kumwuliza.

Dhana: Triga ikizidi kuwa nyepesi, ndivyo inavyozidi kuwa bora

Mpigaji hufaidika na triga inayoachia mahali pale pale, kwa nguvu ile ile, kila mara. Triga ya kilo 1.5 yenye ukuta (pale triga inapokaza kabla tu ya kuachia) unaohisika wazi ni bora kuliko ya gramu 900 inayonyumbuka kama mpira, kwa sababu kidole kinajua risasi itatoka lini. Mwendo wa awali, ukuta, kuachia, kupitiliza na kurudi, kila hatua ina marekebisho yake, na uzito ni jambo moja tu kati ya hayo.

Halafu kuna kanuni. ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, inataka angalau gramu 500 kwa bastola ya hewa ya mita 10 na gramu 1,000 kwa bastola za mita 25. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya upigaji wa vitendo, kwenye daraja la Production (bastola za kawaida za kiwandani), inataka kilo 2.27 kwa mvuto wa kwanza, au kilo 1.36 kwa kila mvuto. Madaraja ya Open na Standard hayana kiwango cha chini. Usiiache triga yako ikiwa imegusa kiwango chenyewe. Springi hulegea kwa matumizi, na kipimo cha waamuzi si kile cha mezani kwako. Bastola ya gramu 1,000 ipange iwe 1,050 hadi 1,100, nawe hutatokwa jasho kwenye meza ya ukaguzi.

Upimaji wenyewe huwakosesha wengi. Ndoano ya kipimo ikikaa karibu na ncha ya chini ya triga, usomaji unashuka, kwa kuwa wenzo umerefuka. Ikipanda juu, unaongezeka. Chagua sehemu moja, ile ambayo kidole chako hukaa, vuta polepole, chukua vipimo kumi na utafute wastani. Tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ikizidi gramu 150 hivi, kinachokusumbua ni msuguano, na springi mpya haitauondoa.

Dhana: Kuweka springi nyepesi kila mahali hupunguza uzito

Springi za ndani ya bastola zinashindana. Ukidhoofisha moja, umeipa nguvu nyingine.

Chukua Glock za kizazi cha 3 na cha 4. Springi ya triga kwenye bastola hizi husaidia kidole: inavuta kwa upande ule ule unaovuta wewe. Anayeweka springi nyepesi ya triga akitarajia wepesi anashangaa kuona uzito umepanda. Inayopunguza uzito ni springi *kali* zaidi ya triga, na ndiyo maana ya pauni 6 huuzwa kwa ajili ya mashindano. Inayopingana na kidole ni springi ya pini ya kufyatulia, ambayo kutoka kiwandani ni kama pauni 5.5. Ukishuka hadi pauni 4, triga inalainika kweli, lakini pini sasa inagonga fataki, yaani kile kitufe kilicho kwenye kitako cha ganda, kwa nguvu pungufu.

Springi hiyo ya pini inapingana pia na springi inayorudisha mbele slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na kurudi kila risasi inapopigwa. Wapigaji wa mashindano hupenda kushusha springi ya slaidi kutoka pauni 17 hadi 13 ili bastola itikisike kidogo, wakaacha ya pini ilivyo. Hapo slaidi inaweza kushindwa kufunga vizuri. Kipimo chake ni rahisi: bastola tupu, mtutu ukielekea juu, vuta triga na uishikilie, rudisha slaidi nyuma kwa mkono, kisha iachie polepole mno. Lazima ipande yenyewe mpaka ifunge kabisa. Ikibaki nyuma hata milimita moja, springi hizo mbili hazifai kukaa pamoja.

Kwenye 1911, aina ya bastola yenye nyundo ya nje, ugomvi uko ndani ya springi bapa yenye vidole vitatu. Cha kushoto kinasukuma kishikizi, kile kipande kinachozuia nyundo isianguke. Cha kati kinasukuma diskonekta, kile kipande kinachotenganisha triga na kishikizi slaidi isipofunga, na kurudisha triga. Cha kulia ni cha kizuizi cha usalama kilicho kwenye mpini. Watu hukunja kidole cha kushoto nyuma ili kupata wepesi, na gramu zinashuka haraka. Kinachofuata ni nyundo kuifuata slaidi: slaidi inafunga, kishikizi kinaruka kwa mshtuko, nyundo inashuka. Ikinaswa na pengo la katikati, yaani mkato wa nyundo unaoizuia isishuke hadi mwisho, umebahatika. Isiponaswa, bastola inaweza kupiga risasi mbili kwa mvuto mmoja. Afisa wa uwanja akiona hivyo atakusimamisha na silaha itaondolewa, na katika nchi nyingi bastola inayofanya hivyo ina tatizo la kisheria pia, hata kama hukukusudia.

Njia salama ya kupata wepesi kwenye 1911 huanzia kwenye springi ya nyundo. Ya kawaida ni pauni 23. Mashindano hutumia 17 hadi 19. Triga nyepesi ya alumini nayo inasaidia kwa sababu ambayo wengi hawaitarajii: slaidi inapofunga, bastola inaruka mbele kidogo, triga nzito inabaki nyuma na kukigonga kishikizi. Triga yenye uzito mdogo haina nguvu ya kufanya hivyo. Ila kumbuka kwamba nyundo pia huichelewesha slaidi kufunguka. Ukipunguza springi ya nyundo, slaidi itakwenda nyuma kwa kasi zaidi, na springi ya slaidi itahitaji kuangaliwa upya.

Dhana: Risasi isipolipuka, fataki ni mbovu

Mara chache ndivyo. Kabla hujalaumu risasi, itazame alama kwenye fataki. Alama ya kina kifupi, iliyo katikati, inaonyesha pigo dhaifu: springi ya nyundo au ya pini imepunguzwa kupita kiasi. Kisha ipige risasi ile ile mara ya pili. Ikilipuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba fataki haikusukumwa hadi chini wakati wa kujaza ganda. Pigo la kwanza lilimalizia kazi hiyo badala ya kuwasha. Pitisha kidole kwenye kitako cha ganda. Fataki inatakiwa iwe chini kidogo ya usawa, na ukihisi imejitokeza, kosa liko kwenye meza ya kujazia.

Fataki hazilingani kwa ugumu. Za Federal zinajulikana kuwa laini; za CCI kwa kawaida ni ngumu zaidi. Bastola kama CZ Shadow 2 yenye springi ya nyundo ya pauni 11 inaweza kumaliza msimu bila shida kwa Federal, kisha ikakataa mara tano kwenye boksi la aina nyingine. Shuka hatua moja ya springi kwa wakati mmoja, na usikubali springi yoyote mpaka imepiga risasi 200 za aina utakayotumia mashindanoni bila kukataa hata moja. Ikikataa moja, panda hatua moja.

Springi ya nyundo huonekana zaidi kwenye mvuto ule mrefu wa kwanza, ambapo kidole ndicho kinachoirudisha nyundo nyuma. Kwenye mvuto mfupi unaofuata, mwenye neno kubwa ni umbo la kishikizi na meno ya nyundo.

Dhana: Msasa kidogo kwenye kishikizi hauna madhara

Hapa ndipo vipuri vingi huharibika. Kung'arisha na kusaga ni kazi mbili tofauti. Kung'arisha ni kuondoa mikwaruzo kwa msasa wa namba 2000 na dawa ya kung'arishia chuma, pale ambapo vipande vinateleza: upau wa triga unapogusa konekta, pande za upau huo, na kichwa cha kile kitufe kinachozuia pini. Kusaga ni kubadilisha umbo. Pale ambapo kishikizi kinakutana na meno ya nyundo, umbo ndilo usalama wenyewe.

Kwenye 1911 meno ya nyundo huwa na kimo cha takriban milimita 0.5. Pembe ikiwa sahihi, nyundo inarudi nyuma unywele mmoja unapovuta triga, kisha inaachia. Ukiisaga pembe ikageukia upande wa pili, nyundo yenyewe inakisukuma kishikizi kiachie. Tena, vipande vingi vimefanywa vigumu kwenye ngozi ya juu tu. Tupa au mashine inayozunguka ikiipita ngozi hiyo, unabaki na chuma laini: triga inakuwa tamu kwa wiki chache, kisha inakwisha bila kukuonya. Kazi hiyo hufanywa kwa kishikio maalumu cha kunolea na darubini. Kama huna, nunua nyundo na kishikizi vilivyotengenezwa pamoja kama seti.

Dhana: Kipuri kilichoandikwa kwamba hakihitaji marekebisho hupachikwa tu

Kinaweza kuingia na bado kisifae. Nyundo ya mtengenezaji mmoja na kishikizi cha mwingine vinaweza kukutana kwa upande mmoja tu. Badilisha kipande kimoja, kagua, ndipo uende kwenye kingine.

Skrubu ya kuzuia triga isipitilize ndiyo inayosahaulika zaidi. Ikaze mpaka nyundo ikatae kuanguka, ilegeze hadi ianguke, kisha ilegeze zaidi kwa robo hadi nusu mzunguko. Shika nyundo kwa kidole gumba, vuta triga na uishikilie, ishushe nyundo polepole. Ukihisi mkwaruzo wowote njiani, kishikizi kinasugua nyundo, legeza tena. Maliza kwa gundi ya skrubu ya bluu. Isipowekwa, skrubu inaweza kuzunguka yenyewe katikati ya mechi na triga ikagoma.

Dhana: Kizuizi cha pini kikiondolewa, triga inalainika na hakuna kinachopotea

Kinachopotea ni ulinzi bastola inapoanguka. Kwenye Production hairuhusiwi kuzima kifaa cha usalama kilichotoka kiwandani. Kitufe kikikwaruza, king'arishe, usikiondoe.

Dhana: Ikilia «klik» mezani, kazi imekwisha

Bastola ikiwa tupu, pandisha nyundo, weka kizuizi cha usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa kizuizi. Nyundo isitikisike. Irudishe nyundo nyuma kidogo kwa kidole gumba karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo, kishikizi kilikuwa kimesogea, na kizuizi hakifanyi kazi. Sogeza slaidi nyuma milimita chache, vuta triga: nyundo isianguke. Shikilia triga, vuta slaidi nyuma na uiachie, legeza triga mpaka isikike ikirudi, vuta tena: nyundo lazima ianguke. Tumia risasi bandia kuona kama nyundo inafuata slaidi, kwa sababu kuiachia slaidi ijibamize kwenye chemba tupu huumiza kishikizi.

Uwanjani, mtutu ukielekea kwenye kinga ya risasi, weka risasi moja kwenye magazini na upige. Rudia mara kadhaa. Kisha mbili, na mbili tu, ili bastola ikiwa na hila ya kupiga mara mbili iishie hapo. Baada ya magazini kumi za risasi mbili mbili bila tatizo, jaza tano. Magazini kamili ije mwisho, na bastola ikileta shaka katika hatua yoyote, rudisha kipuri cha zamani.