Jumatatu Iko Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Msichana Aliyevua Miwani

Wiki iliyopita nimeletewa tena mswada wenye ngazi. Unazijua hizo ngazi. Msichana wa miwani, ambaye kwa kurasa 80 hakuna aliyemtupia jicho, anazishuka taratibu na gauni jekundu, miwani hana, nywele zimeachiwa mabegani. Kijana aliyesimama chini anabaki mdomo wazi. Ukurasa unaofuata wanabusiana, mwisho wa filamu.

Kazi yangu ni kusoma miswada na kumwonyesha mwandishi panapovuja. Vijana wengi wanaonijia wanataka kuandika komedi za mapenzi za shuleni, nami sina ugomvi nazo. Nimezipenda tangu enzi za kukodi kaseti za VHS. Kinachonichosha ni utetezi wao, ambao sasa naujua kwa moyo: "Mwalimu, si ndivyo Wamarekani wanavyofanya?" Sivyo wanavyofanya. Basi leo nayaandika mara moja, nipumzike.

Dhana: kupigwa msasa, yaani kubadilishwa sura na mavazi, ndiyo kilele cha hadithi

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, na nitakaa nayo.

Filamu inayotajwa kama ushahidi ni She's All That ya 1999. Zack, kijana anayeabudiwa na shule nzima, ameachwa na Taylor. Kwa hasira anabeti na rafiki yake Dean kwamba anaweza kumchukua msichana yeyote akamfanya malkia wa dansi ya kumaliza shule. Dean anamchagulia Laney, mchoraji wa miwani na ovaroli. Ngazi zipo, ni kweli. Lakini zipo karibu na nusu ya filamu, na hapo ndipo wanafunzi wangu huacha kukumbuka. Usiku uleule, na gauni lilelile, Laney anafika kwenye sherehe na Taylor anammwagia kinywaji mbele ya watu. Gauni halikumkinga hata saa chache. Baadaye anagundua kwamba alikuwa kitu cha kubetia. Taji analikosa, linakwenda kwa Taylor. Na kwa kuwa dau limepotea, Zack anatokea kwenye mahafali uchi wa mnyama, kajisitiri na mpira wa miguu. Sasa niambie, ushindi wa msasa uko wapi hapo?

Mzizi wenyewe wa filamu hiyo ungewafundisha, kama wangeusoma. Imetoka kwenye Pygmalion, tamthiliya ya George Bernard Shaw iliyochezwa kwanza Vienna mwaka 1913 na kufika London 1914. Profesa Higgins anabeti kwamba atamfundisha Eliza, muuza maua, kuongea kama mwanamke wa tabaka la juu. Eliza anafaulu. Na Shaw alifanya nini na usiku huo wa ushindi? Hakuuweka jukwaani kabisa! Pazia linafungwa mwisho wa tendo la tatu, na tendo la nne linafunguka wameshatoka kwenye sherehe. Wanaume wanapongezana na kupiga miayo. Eliza kakaa pembeni, hakuna anayemsemesha, mpaka anachukua ndara za Higgins na kumrushia nazo. Anachouliza ni kitu kimoja: sasa mimi niwe nani? Kuuza maua siwezi tena, na ubibi mkubwa sina fedha ya kuuishi.

Hapo ndipo penye hadithi. Mavazi na matamshi yalikuwa njia ya kufikia swali hilo.

Shaw aliteseka na dhana hii kabla yangu, jambo linalonifariji kidogo. Katika onyesho la London, mwigizaji wa Higgins, Herbert Beerbohm Tree, alikuwa akimtupia Eliza maua mwishoni ili watazamaji waondoke wakiamini watafunga ndoa. Shaw alikasirika. Mwaka 1916 akachapisha maelezo marefu nyuma ya tamthiliya akisisitiza kwamba Eliza aliolewa na Freddy, kijana mwingine aliyempenda. Hawakumsikia. Filamu ya Pygmalion ya 1938 ilimrudisha Eliza kwa Higgins, na My Fair Lady ya 1964, filamu ya muziki ya hadithi hiyohiyo, ikafanya vilevile. Kwa hiyo wanafunzi wangu wana wenzao wengi katika kosa hili, tena wengine matajiri.

Zitazameni nyingine. The Princess Diaries ya 2001: Mia, mwanafunzi anayegundua kwamba ni binti mfalme, anakatwa nywele na kunyooshwa nyusi kabla filamu haijafika nusu. Urembo huo unamletea Josh, mvulana aliyekuwa akimwota, ambaye anambusu ili kamera za waandishi wa habari zimwone. Anapoamua kweli kuupokea ubinti mfalme, anaingia ukumbini amelowa chapachapa kwa mvua, na suruali ya jinzi. Kijana anayempata mwishoni ni Michael, na Mia anamwambia wazi sababu: yeye alimwona wakati alikuwa haonekani. Clueless ya 1995, iliyotolewa kwenye Emma, riwaya ya Jane Austen, inampiga msasa Tai, mwanafunzi mgeni, mapema sana, kisha inatumia muda uliobaki kuonyesha madhara. Tai anakuwa staa, anavimba kichwa, anamgeukia Cher aliyemtengeneza na kumchoma kwa maneno. Amani inapatikana Tai anaporudi kwa yule kijana wa ubao wa magurudumu ambaye Cher alimkataza tangu mwanzo.

Najua mtaniletea Grease ya 1978. Haya, nakubali, pale Sandy anatokea na suruali nyeusi ya kubana mwishoni kabisa na filamu inashangilia. Ila mnasahau kwamba Danny, mpenzi wake, naye ametokea na sweta ya wanamichezo aliyoihangaikia. Kila mmoja alikuwa amejibadilisha kwa ajili ya mwenzake. Mtaleta pia The Breakfast Club ya 1985, ambamo Claire anampaka Allison vipodozi na mara moja mwanamichezo anamwona. Nakubali pia, na kwangu ndilo tukio bovu kuliko yote katika filamu nzuri mno. Lakini hata filamu hiyo ina kitu ambacho miswada mnayoniletea haina. Wanafunzi watano wamezuiliwa shuleni Jumamosi kwa adhabu, wamekuwa marafiki, na mmoja wao, Brian, anauliza itakuwaje Jumatatu. Je, wakikutana koridoni watasalimiana?

Ndiyo maana pembeni ya kila mswada naandika kwa kalamu nyekundu: Jumatatu iko wapi? Vijana wananicheka kwa hilo, wameshanibatiza Mwalimu Jumatatu. Wacheke tu. Msichana kavua miwani Ijumaa usiku. Jumatatu asubuhi anaingia darasani. Nani kahama dawati? Rafiki yake wa zamani kakaa wapi? Na ubao anauonaje, ikiwa miwani ilikuwa ya kusomea kweli? Ukiwa na majibu, una tendo la pili, ile sehemu ya kati ya filamu. Ukikosa, una tangazo la saluni.

Dhana: staa wa shule ni yule anayependwa zaidi

Wanasaikolojia wa makuzi wanatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayaita kwa jina moja. Ukiwauliza wanafunzi "unampenda nani?" unapata orodha moja. Ukiwauliza "nani maarufu hapa?" unapata nyingine. Parkhurst na Hopmeyer walilionyesha hili mwaka 1998: wengi waliotajwa kuwa maarufu hawakuwa kati ya wanaopendwa sana. Wana hadhi, wanaigwa, wanaogopwa. Mean Girls ya 2004 inalijua hilo kwa sababu mwandishi wake, Tina Fey, hakuitoa kwenye riwaya. Aliitoa kwenye kitabu cha Rosalind Wiseman cha 2002, cha kuwasaidia wazazi kuelewa jinsi wasichana wanavyoumizana. Regina, staa wa shule, hapendwi hata na marafiki zake, na filamu nzima inategemea hilo. Mwishoni Cady, mwanafunzi mgeni, anapewa taji la plastiki, analivunja vipande na kuwagawia wenzake.

(Huyo Cady, kwa wanaouliza katoka wapi: filamu ya 2004 inasema tu alilelewa "Afrika", na kuna mwalimu anayemkaribisha msichana mweusi aliyekuwa mle darasani, kumbe katoka Michigan. Kenya ilitajwa baadaye, kwenye tamthiliya ya muziki ya Broadway ya 2018 na filamu ya 2024.)

Ukiandika shule ya hapa kwetu, tafuta hadhi yake ilipo. Usinimwagie makabati ya koridoni na ukumbi wa chakula wa Kimarekani kwenye shule ya kata. Wasichana wamenyoa, wote wamevaa sare, na staa wa bweni anaweza kuwa yule ambaye tranka lake halijaishiwa maziwa ya unga wiki ya sita.

Dhana: wanaopigwa msasa ni wasichana tu

Can't Buy Me Love, 1987. Ronald anakata nyasi za watu ili anunue darubini, kisha anampa Cindy, msichana maarufu wa shule, dola 1,000 ajifanye mpenzi wake kwa mwezi mmoja. Anabadilishiwa nguo, anakuwa staa, anawatupa marafiki zake wa kweli. Inayofuata.

Dhana: waigizaji wawe na umri wa wanafunzi

Stockard Channing, mmoja wa wanafunzi wa Grease, alikuwa na miaka 33 filamu ilipopigwa, mwaka 1977. Olivia Newton-John, yaani Sandy, alikuwa na 28. Amy Poehler, aliyeigiza mama yake Regina katika Mean Girls, amemzidi Rachel McAdams, Regina mwenyewe, miaka 7 tu. Kwa hiyo usiniambie mwanafunzi halisi wa kidato cha pili "hana mvuto" na ndiyo sababu filamu yako haisimami. Umemlinganisha na watu wazima.

Dhana: mwisho ulishaandikwa, msichana humpata tajiri

Katika Pretty in Pink ya 1986, John Hughes aliandika Andie amalize na Duckie, rafiki yake wa siku zote. Watazamaji wa majaribio walikataa, mwisho ukapigwa upya, akapewa Blane, kijana tajiri. Hughes hakuridhika. Mwaka uliofuata akaandika Some Kind of Wonderful, hadithi karibu ileile, jinsia zimegeuzwa, na safari hii rafiki ndiye aliyechaguliwa.

Yule kijana mwenye mswada wa gauni jekundu amerudi jana. Ngazi ameziacha, ni mbishi kama mimi, ila amezisogeza hadi ukurasa wa 45. Ukurasa wa 46 ni Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwalimu wa zamu amemsimamisha msichana getini kwa sababu ya nywele. Nimeagiza chai, nikaendelea kusoma.