Ujumbe wa malipo na fedha zenyewe

Wenye nyumba za wageni na waongoza watalii wengi wa Arusha na Moshi huamini kwamba ujumbe mfupi unaosema fedha zimepokelewa ni uthibitisho kwamba malipo ya awali ya mgeni yamefika. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa mara nyingi ujumbe huo huwa wa kweli.

Hata hivyo, ujumbe ni maandishi, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuuandika akiiga mpangilio wake pamoja na namba ya muamala. Hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Kinachothibitisha malipo ni salio. Kabla ya kumwekea mgeni chumba, au gari la kwenda Ngorongoro, fungua mwenyewe menyu ya huduma yako ya fedha, utazame salio na orodha ya miamala, kisha ulinganishe kiasi, saa na namba. Picha ya skrini aliyoituma mgeni haitoshi.

Malipo ya kadi yana utaratibu mwingine: hata yakishaidhinishwa, mwenye kadi anaweza kuyapinga kupitia benki yake, na kwa sababu hiyo naona ni muhimu sana kutunza makubaliano ya maandishi na risiti za huduma iliyotolewa.