Je, mfupa uliovunjika ukiunga huwa imara kuliko zamani?

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mfupa ukishavunjika na kuunga, hauvunjiki tena mahali pale. Si kweli, ingawa naelewa wazo hilo lilikotoka.

Mfupa ni kitu hai. Umeundwa kwa nyuzi za protini ya kolajeni zinazoupa unyumbufu, na madini ya kalisi na fosfeti yanayoupa ugumu. Ukivunjika, damu huganda kwanza kwenye ufa. Wiki chache za mwanzo hujengeka daraja la gegedu laini, kisha gegedu hilo hugeuka mfupa mchanga, uliojazana ovyo, mnene kama fundo. Ukipigwa picha ya eksirei, fundo hilo huonekana nene kuliko mfupa wenyewe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unene huo ni kiraka cha muda tu. Chembe maalumu huutafuna ule wa ziada huku nyingine zikijenga upya, kazi inayoweza kuchukua miezi hata miaka.

Wakati huohuo, sehemu iliyofungwa plasta hudhoofika kwa kukosa kazi. Mwishowe mfupa ulioungana vizuri hurudia takriban nguvu zake za awali, na ukipigwa vya kutosha utavunjika palepale.