Redio kuwa kimya si anga kuwa tupu

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Rubani kijana, mwenye mkono mzuri na adabu, ametua kwenye kiwanja cha misheni mashariki ya Dodoma, ameingia moja kwa moja fainali, ule mstari wa mwisho wa kushukia, bila kupita juu ya kiwanja kwanza kukitazama. Nikamwuliza kwa nini. "Kapteni, niliita mara mbili, hakuna aliyejibu. Hapakuwa na ndege."

Hakuna aliyejibu. Alichokijua ni hicho tu. Kwamba hapakuwa na ndege, hilo ameliongeza mwenyewe.

Nimechoka na maneno haya kwa sababu wanaoyasema si wazembe. Wamebadili masafa ya redio, wametaja walipo, wamesubiri kidogo, kisha kile kimya wanakipokea kama kibali cha mnara wa kuongozea ndege. Kwenye viwanja vyetu vya vumbi hakuna mnara. Mwenye kiwanja alikuruhusu kwa simu jana utue kwake, na ni lazima uombe, lakini anga si yake akupe.

Fikiria kimya kinatoka wapi. Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio zetu za ndege, huenda karibu moja kwa moja kama macho yanavyoona. Ndege mbili zikiwa futi 1,000 juu ya nchi tambarare zinaweza kusikilizana umbali wa kilomita 140 hivi. Moja ikiwa chini, inapasha injini kiwanjani, umbali huo unapungua karibu nusu. Kikikaa kilima cha mawe katikati, na huku kwetu vilima vya mawe havihesabiki, humsikii kabisa, naye hakusikii. Bado sijataja redio iliyopunguzwa sauti mpaka mwisho, kitufe kilichokwama, wala redio iliyokufa asubuhi hiyohiyo.

Mwaka mmoja, mtama ukiwa umeanza kukomaa, nilikuwa nashuka kwenye kiwanja kimoja cha huko huko. Niliita nikiwa mbali, nikaita nikiwa karibu. Kimya. Nilipoinamisha bawa la kushoto kugeukia fainali nikaona kivuli kinakimbia juu ya vichaka, na mbele ya kivuli ndege ya kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea, ya njano, inainuka kutoka bondeni kuelekea njia ileile. Nilimwona rubani kofia yake. Nikaongeza gesi, nikapanda kulia. Tulipokutana chini alitetemeka kuliko mimi. Alikuwa bado kwenye masafa ya Dodoma, na huko alikuwa ametangaza vizuri kabisa. Wote wawili tulitangaza, kila mmoja kwenye masafa yake.

Kuna kauli moja ambayo ningeifuta vichwani mwa marubani wote kama ningeweza: ile ya kuomba kwamba yeyote aliyeko eneo hilo ajitaje. Wanaiona ni heshima, kama kupiga hodi. Lakini mwenye nyumba mmoja akipigiwa hodi anaitikia peke yake. Hapa unawaomba watu watatu waitikie kwa pamoja, na redio za ndege zinatumia AM, namna ya kurusha sauti ambayo haimchagui mmoja: wawili wakibonyeza kitufe wakati mmoja, wengine wanasikia mluzi mkali, na wale wawili hakuna anayejua kwamba mwenzake amesema. Aliyekuwa anataka kusema "niko fainali" amezibwa. Halafu yule asiye na redio, ambaye ndiye wa kuogopwa kuliko wote, hajaguswa na ombi lako hata kidogo. Mwongozo wa marubani wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, unakataza kauli hiyo kwa hali yoyote ile, na hapo naungana nao kwa moyo wote. Sema jina la kiwanja, aina ya ndege yako na rangi yake, ulipo, futi ngapi, unakusudia nini, kisha jina la kiwanja tena. Achia kitufe. Jina linarudiwa mwishoni kwa sababu mwenye kuchelewa kusikiliza anaweza kudhani uko kiwanja kingine kinachotumia masafa hayohayo.

Na hata jibu likija, usilikumbatie haraka. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye uwanja wa Quincy, Illinois, usio na mnara, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inatua. Marubani wake walitangaza, wakauliza kama King Air, ndege nyingine ya injini mbili iliyokuwa kwenye njia nyingine ya kurukia, inayokatisha ile yao, itasubiri. Sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya rubani wa ndege ndogo iliyokuwa nyuma ya King Air, na sehemu ya maneno yake ilifunikwa na sauti ya mtambo wa tahadhari ndani ya chumba cha marubani wa Beechcraft. Wakaamini ni King Air imejibu. King Air ikaondoka, zikagongana kwenye makutano ya njia, na watu wote 14 wa ndege zile mbili wakafa. Wachunguzi walisema marubani wa King Air hawakufuatilia masafa wala kutazama nje inavyopasa. Kwa hiyo nikijibiwa nauliza tena kwa aina ya ndege, kisha naitafuta kwa macho mpaka niione.

Kuhusu nani apishe nani: kati ya wanaokuja kutua, aliye chini zaidi angani ana haki ya kutua kwanza, ila haruhusiwi kuitumia kumkatizia aliyekwisha kuingia fainali. Kutangaza mapema hakumo kwenye kanuni hiyo.

Joto nalo nalitaja haraka. Uwanja wa Dodoma uko juu ya futi 3,600, na kukiwa na nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi, ndege inahisi iko juu ya futi 6,000. Ukiamua kughairi kutua ukiwa umechelewa, haipandi kama ulivyozoea Dar es Salaam. Tazama njia ungali na nafasi.

Mimi humpigia simu mlinzi wa kiwanja kabla ya kuwasha injini. Simwulizi tena upepo unatoka wapi, kwa maana wengine hutaja unakokwenda. Naomba achome majani mabichi pembeni ya njia, na kwa simu namwuliza, "Baba, moshi unalalia wapi?" "Unalalia Dodoma, mwanangu." Basi upepo unatoka upande wa Kongwa, mashariki, kama ilivyo siku nyingi za kiangazi.

Yapo mawili sijayatatua. La kwanza ni lugha. Redioni tunasema Kiingereza, na nina sababu ya kukitetea: akiwepo mgeni, Kiswahili chetu kinamweka gizani. Lakini nimewahi kuona mwenzangu Mtanzania akichelewa kunielewa kwa sekunde tatu, na fainali sekunde tatu ni nyingi. Siku hiyo nilirudia kwa Kiswahili, akageuka papo hapo. Ningerudia tena leo.

La pili ni kupita chini juu ya njia kufukuza mbuzi. Mbuzi wanakimbia, kweli. Watoto wakisikia mlio wanakimbilia kiwanjani kutazama. Mlinzi mmoja alinipigia jioni baada ya mimi kuondoka: "Mwanangu, ukitaka kupita chini, niambie kwanza niwakalishe." Tangu hapo, kiwanja kile nakwenda kabla ya saa sita, watoto wakiwa darasani, na mbuzi anawaondoa yeye kwa baiskeli.